Maharagi 20 ya kulinda kilo zetu

Katika koperativi zetu za kahawa huku Kivu, wengi hawakupata bahati ya masomo. Kwenye kituo cha kuoshea kahawa, karani anaandika, mwenye mali anaangalia tu. Ndiyo maana tunafundishana hesabu kidogo kidogo, kwa maharagi.

Tunaanza na maharagi 10. Weka 4, ongeza 3, hesabu yote: ni 7. Ile ndiyo kuongeza. Kwa ile 7, tosha 2: inabaki 5. Ile ndiyo kutosha. Mtu akizoea, achore mistari chini kwenye udongo. Namba za kwenye kaye zinakuja mwisho, haraka ya nini?

Ukipita 10, jaza 10 kwanza. Mfano, 8 na 5: kwa ile 5 kamata 2, zipeleke kwa 8, ifike 10. Zinabaki 3. Jibu ni 13.

Sasa twende kwenye mizani. Mama ameleta ndoo mbili: moja kilo 8, ingine kilo 5. Ni kilo 13. Ndoo zenyewe zina uzito wa kilo 1 zote pamoja, tunaitosha: kahawa ni kilo 12. Kuhakikisha, rudisha ile 1: 12 na 1 ni 13. Kama karani ameandika 11, mama aulize palepale, mbele kahawa haijachanganywa na ya wengine.

Anayekosea tusimucheke, ahesabu tena. Mkutano ujao, kila mtu alete maharagi 20.