Kufundisha Kiambishi "-ji-" Katika Shule ya Msingi

Katika madarasa ya Mtumba, mashariki ya mji wa Dodoma, mtoto aliyelelewa kwa Kigogo huketi dawati moja na mtoto ambaye wazazi wake walihamia huko pamoja na wizara kuanzia mwaka 2019. Wote wawili hutamka "-ji-" kila siku. Mwalimu mwanachuo asije akadhani kwamba kwa sababu hiyo hakuna la kufundishwa.

Umbo lenyewe ni jepesi. Kiambishi hiki hukaa mahali pa mtendwa: a-li-m-ficha, a-li-ji-ficha. Wala hakibadiliki kwa nafsi: nilijificha, ulijificha, tulijificha. Anayeanza kujifunza Kihispania hana raha hiyo. Humbidi kusema me lavo, te lavas, se lava, nos lavamos, akibadili kijineno cha mbele kila nafsi ibadilikapo. Tena se lavan yaweza kuwa "wanajiosha" au "wanaoshana". Sisi tunayo "-ana" ya kutenganisha.

Ugumu umo katika maana. Mhispania hutumia umbo hilo hata kwa kuamka, kuketi na kuvaa. Kiswahili husema tu: ninaamka, ninavaa, ninaoga. Mtoto akiandika "ninajioga", tumwonyeshe kwamba katika "oga" anayeoshwa ni yule yule mtendaji. Ndiyo maana kumwosha mwingine hudai kiambishi kingine, "ogesha". Yafaa pia kutahadhari na "jitahidi" na "jibu", maneno yenye asili ya Kiarabu, ambamo "ji" ni sehemu ya shina. Kipimo ni kuiondoa: "ficha" hubaki neno, "tahidi" halibaki.

Zoezi tulipendalo kuliko majedwali yote ya nafsi ni hili. Mwalimu aandike ubaoni: Ameumia. Ameumizwa. Amejiumiza. Kisha aulize: nani kasababisha? Sentensi ya kwanza hainyoshi kidole kwa yeyote. Ya pili humwelekea mtu mwingine. Ya tatu humrudia mtoto mwenyewe. Si mchezo wa maneno huu. Mwalimu wa zamu aandikapo "amejiumiza" juu ya mtoto aliyesukumwa kisimani, amekwisha kumhukumu kabla ya kumsikiliza, na mzazi atakayeitwa shuleni atasoma hukumu hiyo.

Wakishaelewa, wapewe "alipika mwenyewe" na "alijipikia", waseme ni katika sentensi ipi chakula huenda kililiwa na mgeni.