Je, Wajua? Kimo cha Mont Blanc hakitulii

Mont Blanc, mpakani mwa Ufaransa na Italia, hurefuka na kufupika. Kileleni hukanyagi mwamba. Unakanyaga kofia nene ya theluji na barafu, na upepo huinyoa au kuijaza upendavyo. Mwaka 2007 wapimaji walipata mita 4,810.90, mwaka 2023, mita 4,805.59. Mwamba wenyewe umefukiwa humo ndani, mita 4,792.

Wa kwanza kufika, tarehe 8 Agosti 1786, walikuwa daktari Michel Paccard na Jacques Balmat, mtafuta mawe ya fuwele. Hawakuwa na kamba wala shoka la barafu. Fimbo ndefu tu!

Na chai? Huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 84 hivi. Yanatokota kweli, lakini maharage usithubutu kuyabandika.