Watoto Waliojifunza Kuandika kwa Vidole

Mtoto mdogo akiona kitu hunyosha mkono akishike, na mara nyingi hukemewa, "Acha! Usiguse!" Lakini huko Italia alikuwako daktari mwanamke, Maria Montessori, aliyetambua kwamba mkono huo ndio mlango wa elimu.

Tarehe 6 Januari, 1907, Bibi Montessori alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto walipata 50. Wazazi wao walishinda kazini, nao walioachwa peke yao walikuwa wakiharibu kuta na ngazi za nyumba. Wengi wa wazazi hao hawakujua kusoma; akina mama ndio waliomwomba awafundishe watoto wao.

Hakuanza na kitabu wala kalamu. Kwanza watoto walichezea gogo lenye matundu 10 na vipande 10 vya mti vya kupachika humo. Kila kipande kilikuwa na kishikio kidogo, na kwa kukishika kwa vidole vitatu mtoto alizoea kushika kalamu bila ya kujua. Kisha alipewa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya kadi laini. Alizipapasa kwa vidole viwili, kwa mwendo ule ule wa kuandika, huku akitamka sauti ya herufi, si jina lake. Halafu alipewa herufi zisizobandikwa, azipange mwenyewe ziwe maneno.

Siku moja ya Desemba watoto walikuwa juu ya paa la nyumba, lililokuwa tambarare. Mtoto wa miaka mitano alipewa chaki achore bomba la moshi. Alipokwisha, alipiga kelele kwa furaha kwamba anajua kuandika! Akainama, akaandika "mano", maana yake mkono. Wenzake wakamfuata, na baadaye wakaanza kusoma.

Kiswahili nacho, kama Kiitaliano, huandikwa karibu vile vile kitamkwavyo. Mtoto ajuaye sauti za m na a amekwisha kulipata neno "mama". Basi mzazi mwenye kadi, mkasi, gundi na kipande cha msasa anaweza kuanza leo. Na akikosa msasa, mchanga uliotandazwa siniani wafaa. Lililo gumu ni moja tu, nalo ni kuacha kuukemea ule mkono mdogo.