Maneno ya Muziki (3): Jazi

Wiki iliyopita tuliliacha neno "dansi" ukumbini. Leo tubishe hodi kwa jirani yake, "jazi", linalowatatiza vijana wanaposikiliza nyimbo za zamani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zote za Tanga. Wanaitafuta jazi ya New Orleans, wanakuta rumba.

Hakuna aliyewadanganya. Katika Kiswahili cha bendi zetu, jazi halikuwa jina la mtindo. Lilikuwa jina la kundi lenye magitaa ya solo, rithimu na besi, tumba, dramu, na saksafoni kwa waliojaliwa. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na mapigo waliyachota hasa kwenye santuri za GV zilizosheheni muziki wa Kuba. Kinshasa nako, O.K. Jazz, iliyoundwa 1956, ilipiga rumba hiyohiyo.

Jamhuri Jazz ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, jina lenye harufu ya mkonge: mashamba ya Tanga yaliwakusanya manamba kutoka Tabora na kwingineko, na mshahara ukitoka watu walitaka pa kuchezea. Jina lilipobadilishwa, kabila liliondoka, taifa likaingia, na "Jazz" ikamtangazia mteja kwamba anakuja kusikia magitaa, si ngoma ya unyago.

Hata hivyo, vyombo peke yake havitoshi kulifafanua neno hili, na Tanga ndiyo inayotuonyesha. Black Star na Lucky Star, bendi za taarabu alikoimba Shakila, zilikuwa na gitaa la umeme na besi vilevile, bila lile jeshi la fidla la Unguja. Mbona hatukuziita jazi? Kwa sababu kwenye taarabu shairi ndilo lililotangulia: msikilizaji anakaa, anapima maneno, yakimgusa anainuka kwenda kutuza. Kwenye jazi, maneno yakikupita hujapoteza kitu. Mguu ndio uliolipa kiingilio. (Wapenzi wa Atomic watanisamehe.)

Baadaye neno lilififia. Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz, lakini bendi waliyoiunda Kenya 1971 waliiita Simba wa Nyika. Nuta Jazz ya 1964 ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, leo Msondo Ngoma. Na msondo, kwa asili yake, ni ngoma ndefu ya unyagoni! Ngoma ndiyo zamu ya wiki ijayo.