Jina la Mrundi si la ukoo

BUJUMBURA. Mashabiki wa Yanga na Simba walimkatia jina wakamwita Saido. Jina kamili, Saidi Ntibazonkiza, liliwapa watangazaji wa mpira kazi kubwa, na sijui ni wangapi Dar es Salaam waliouliza maana yake. Kwa Kirundi ni sentensi nzima: nti- inakanusha, -ba- ni wao, -zo- ni wakati ujao, -n- ni mimi, na gukiza ni kuponya au kuokoa. Hawataniokoa. Hao "wao" ni nani? Jina halisemi.

Burundi imejaa majina ya namna hii. Rais Évariste Ndayishimiye amebeba shukrani: "ninamshukuru", na anayeshukuriwa ni Imana, yaani Mungu. Domitien Ndayizeye, rais wa zamani, ni "ninamtumaini". Nduwimana ni "mimi ni wa Mungu". Sylvestre Ntibantunganya, aliyeongoza nchi kuanzia 1994 hadi 1996, jina lake linalalamika kwamba watu hawamtendei sawa.

Mengine Mswahili atayakisia mwenyewe. Minani ni mtoto wa nane, Bucumi wa kumi. Nyandwi ni wa saba. Pacha ni Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo. Waha wa Kigoma, ambao lugha yao ni jirani ya Kirundi, hawahitaji mkalimani hapo.

Shida huanza mpakani. Kwa desturi, jina la Kirundi ni la mtoto mwenyewe, si la baba wala la babu. Nyumba moja inaweza kuwa na baba Nduwimana, mama Bukuru na mtoto Irakoze. Afisa wa Kabanga au Manyovu, aliyezoea jina la mtu kufuatwa na la baba, anaona mama na mtoto wasiofanana jina hata kidogo, na maswali yanaanza. Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa.

Kuna na suala la mpangilio. Karatasi za Burundi mara nyingi hutanguliza jina la Kirundi kwa herufi kubwa, NDUWIMANA Jeanne, halafu mshirika wa Mombasa anaandika Jeanne Nduwimana. Katika cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, nakili jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Unapotuma pesa kwa simu, fanya vivyo hivyo.

Wavietnam nao wana yao. Kampuni yao, Viettel, ndiyo iliyoleta Lumitel hapa na Halotel Tanzania mwaka 2015. Kwao ukoo hutangulia na jina la mtu huja mwisho: Nguyễn Văn Bình huitwa Bwana Bình, si Bwana Nguyễn. Bình ni amani, neno lenye asili ya Kichina. Mrundi mwenye maana hiyo huitwa Mahoro. Lakini Mvietnam ana la kujaza penye "jina la ukoo". Mrundi huandika hapo jina lake mwenyewe, na fomu inaendelea.

Mjini Bujumbura wapo wazazi ambao sasa huwapa watoto jina la baba ili kupunguza usumbufu wa ofisini na safarini. Minani wa siku hizi anaweza kuwa kifungua mimba.