Je, Wajua? Injini ya Boti Huishiwa Pumzi Ziwa Kivu

Je, wajua kwamba boti inayokwenda kasi baharini Mombasa hupungukiwa nguvu ikihamishiwa Ziwa Kivu, saa chache kwa gari kutoka Kigali? Ziwa hilo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kiasi hicho, kwani kila silinda huvuta oksijeni pungufu.

Dawa mojawapo ni kuongeza ujazo wa silinda. Kwa mfano, injini ndogo ya V8 (yenye silinda nane) ya Chevrolet ilianza mwaka 1955 na lita 4.3, ikafika 5.7 mwaka 1967 na 6.6 mwaka 1970, umbo lake la nje likibaki karibu lilelile. Ile ya lita 5.7 ilienea sana kwenye boti za kasi: nguvu nyingi, uzito wa wastani.

Anayenunua boti ya Ziwa Kivu au Ziwa Muhazi, ziwa jingine la Rwanda, azingatie pia propela: inayosukuma maji pungufu kwa kila mzunguko huisaidia injini kufikia kasi yake ya kawaida.