Mbwa Akitoka Kilimani Kwenda Semliki

Boga haina vibao vya kumwongoza mtembezi, lakini njia hazikosekani. Ipo ya ng'ombe inayozunguka vilima, ipo ya wawindaji inayoingia msituni upande wa magharibi, na ipo inayoteremka mashariki hadi bonde la mto Semliki, ambako asubuhi kukiwa kweupe milima ya Ruwenzori huonekana ng'ambo.  Katika eneo hili lililo kilomita kama 100 kusini mwa Bunia, mashariki mwa Kongo, anayekwenda shambani, machungani au mawindoni hutegemea miguu yake, na mara nyingi mbwa hutangulia mbele.

Kwa mtu wa tiba ya mifugo, umbali ambao mbwa atatembea si neno kubwa. La kuuliza ni atapita wapi. Vilima, msitu na bonde vinagusana Boga kiasi kwamba mbwa mwenye nguvu huweza kuvipita vyote kwa siku moja, na kila pahali pana wadudu wake na magonjwa yake. Tena mbwa si wa kuambukizwa tu. Naye hubeba ugonjwa na kuuacha alikopita.

Vilimani: ng'ombe wa watu

Vilima vya Boga ni nchi ya wafugaji wa Kihema. Mwenye mbwa huogopa zaidi mbwa wake asimkimbize ndama, na ana haki ya kuogopa: kamba shingoni inatosha kuzuia ugomvi huo. Lakini lipo dhara lisiloonekana. Kuna kijidudu kiitwacho Neospora caninum kinachokaa tumboni mwa mbwa na kutoka na kinyesi. Ng'ombe mwenye mimba akila majani yaliyochafuliwa, anaweza kuharibu mimba bila kuonyesha dalili nyingine yoyote. Mfugaji atasingizia ukame, au jicho baya la jirani.

Mbwa naye hukipata kwa kula nyama mbichi yenye vijidudu hivyo, hasa kondo la nyuma na ndama aliyetoka kabla ya siku zake. Kwa hiyo ng'ombe akizaa au akiharibu mimba, mabaki yafukiwe shimo refu, mbwa asiyafikie. Na mbwa anayepita malishoni asiachwe ajisaidie kwenye majani au karibu na maji wanayonywa ng'ombe. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya kutembea na mbwa katika nchi ya mifugo.

Kisha kuna kupe. Kupe huwapa mbwa homa zinazoharibu damu: mbwa hulegea, hukataa chakula, ufizi unakuwa mweupe, na pengine mkojo unakuwa mwekundu. Kila mnaporudi, mpapase masikioni, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ila usimwoshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Dawa nyingi za josho zikizidi kwa mbwa huwa sumu.

Msituni: mbwa wa kengele

Mbwa wa misitu ya Kongo ana sifa duniani. Aina ya basenji ilitokana na mbwa wa huku: masikio wima, mkia uliojikunja, na koo lisilobweka kama mbwa wengine. Jike lake kwa kawaida huingia joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengi huingia mara mbili. Mwaka 2021 watafiti walichapisha jenomu ya basenji, wakaonyesha kwamba ni tawi lililojitenga mapema katika ukoo wa mbwa wa kufugwa.

Katika msitu wa Ituri, Waefe, wawindaji wa upinde, humfunga mbwa kengele ya mbao shingoni. Mlio wake huwaonyesha wawindaji mbwa yuko wapi, na humtoa paa mdogo mafichoni kumsogeza kwenye mishale. Mtembezi asiyewinda anahitaji kinyume chake: mbwa akae kwenye njia, karibu na miguu ya mwenyewe. Chui huchukua mbwa. Nyoka wakubwa wa jamii ya kifutu hulala kwenye majani makavu wasionekane, na pua ya mbwa ndiyo hufika kwanza. Siafu wakikatiza njia, mshike mbwa mpite haraka, maana wakiingia katikati ya vidole na masikioni atateseka muda mrefu.

Lakini msitu nao una haki ya kumwogopa mbwa. Mwaka 1895 mbwa wa aina ya basenji walipelekwa Uingereza kwenye maonyesho, wakafa kwa ugonjwa uitwao distempa. Karibu miaka 100 baadaye ugonjwa huo huo ulionyesha nguvu yake kwa wanyama wa porini: mwaka 1994 uliua simba wapatao 1,000 huko Serengeti, karibu thuluthi moja ya simba wote wa hifadhi hiyo, na mbwa wa vijijini walihusishwa na kuenea kwake. Chui wetu, kama simba, ni wa jamii ya paka. Mbwa anayetokwa makamasi na machozi mazito, anayekohoa au kutetemeka, asiingie msituni kabisa. Na katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 upande wa kusini, mbwa wa kutembezwa hana nafasi. Mbwa wanaofanya kazi huko ni wa hifadhi yenyewe, waliofunzwa tangu mwaka 2011 kunusa nyayo za majangili.

Bondeni: joto, mbung'o na mamba

Kila unaposhuka mita 1,000, joto hupanda kwa nyuzi kama 6. Binadamu hutoa jasho mwili mzima, ila mbwa hutegemea zaidi kuhema na ulimi nje. Ndiyo maana mbwa aliyecheza kilimani asubuhi huanguka bondeni saa sita mchana. Akianza kuyumba na ulimi ukawa mwekundu sana, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, umpe ya kunywa kidogo kidogo.

Maji hayo usiyatafute kwa kumwacha aingie mtoni. Semliki hutoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert, na maporomoko yake ya katikati ndiyo yaliyowazuia mamba kwa muda mrefu wasipande hadi Edward. Sisi tuko upande wa chini ya maporomoko, upande wa mamba.

Vichaka vya kando ya mito ni makao ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 bonde hili lilijulikana kwa malale ya binadamu, ambayo mbung'o hueneza. Jamaa za vijidudu vya malale huleta nagana kwa wanyama. Kwa mbwa ugonjwa huenda mbio: homa, uso kuvimba, na jicho kufunikwa na ukungu mweupe. Wengi hudhani amechomwa na mwiba, wakati anahitaji dawa mapema. Hapa pia ni hatari kumchoma sindano ya ng'ombe kwa kukadiria, kwani ile ya diminazene ikizidi kidogo tu huweza kumharibu mbwa ubongo.

Kabla ya kufungua mlango

Usiku wa kuamkia Mei 31, 2021, Boga na Tchabi jirani zilishambuliwa, na watu wasiopungua 50 wakauawa. Kwa hiyo kuulizia njia kwa mtawala wa kijiji na kwa waliotoka mashambani asubuhi hiyo hutangulia kila ushauri wa daktari. Wakisema usiende, usiende.

Wakisema njia ni salama, bado kuna chanjo. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Chanjo ya mbwa mmoja humlinda huyo mmoja na mwenyewe. Mbwa 7 kati ya 10 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa wa kumrukia na hukatika. Kisiwani Pemba, Zanzibar, kampeni za chanjo zimethibitisha hilo. Kwa njia zetu zinazokatiza kijiji baada ya kijiji, hesabu hiyo haimaliziki kwenye boma lako. Mwenye mbwa mmoja akimwita daktari wa mifugo, awaite na majirani walete wa kwao. Gharama ya safari ya daktari mtagawana, na njia ya kwenda mtoni mtaitembea wote bila kuogopa mbwa wa mwenzenu.